DVD, kufuli na Kariakoo: ile programu ya kunakili ni haramu au halali?

Ya leo ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama uko ofisini na bosi anakuzungukia, ihifadhi uisome jioni.

Swali lenyewe ni hili. Una DVD halali, umeinunua kwa fedha yako, kasha lake lipo na risiti pengine ipo. Kompyuta yako ya sasa haina hata mahali pa kuingizia sahani. Unaazima mashine ya zamani ya mshikaji, unashusha programu ya bure kwenye intaneti, unaiamuru itoe filamu kwenye sahani na kuiweka kwenye flashi. Nusu saa, kazi imekwisha. Je, kwa sheria za Tanzania umefanya kosa?

Muulize mfanyabiashara wa Kariakoo, atakucheka. Katika mitaa ile, kuanzia Msimbazi hadi Congo, watu wameishi na nakala kwa miaka karibu arobaini, na ugomvi wote umekuwa ni nani kalipwa na nani hajalipwa. Kama sahani ilikuwa na kufuli ndani yake, na kama kuna mtu alilivunja, hiyo ni habari isiyomnyima mtu usingizi. Lakini kifungu kinachohusu kuvunja kufuli kimo ndani ya sheria yetu tangu 1999. Na mimi nasema kifungu hicho kiliandikwa kulinda kufuli ambalo msanii wa Tanzania hakuwahi kulishika mkononi. Tuende taratibu.

Zamani kufuli lilikuwa mlango. Mtu wa Dar aliyetaka filamu alikwenda mjini kati: Empire, Empress, Avalon, Odeon, Cameo, New Chox. Wenye magari walikwenda Drive-In ya Msasani. Filamu yenyewe ilikuwa mkanda mzito uliosafirishwa ndani ya makopo ya bati, na hakuna aliyeweza kuondoka nao mfukoni. Ukishalipa mlangoni umeona, hukulipa hujaona, basi. (Kile kiwanja cha Drive-In, kwa wale mliozaliwa juzi, ndipo ulipo sasa Ubalozi wa Marekani. Wamarekani tutakutana nao tena huko mbele.)

Video ndiyo iliyoung'oa mlango huo. Biashara ilipoanza kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, deki za VHS zikaanza kuingia, nyingine kwa meli, nyingine mikononi mwa ndugu waliotoka Uarabuni. Kumbukeni kwamba Tanzania Bara haikuwa na kituo chake cha televisheni hadi 1994. Waliokuwa na bahati pwani walinasa TVZ ya Zanzibar, wengine wote televisheni sebuleni ilikuwa kioo cha kuangalizia mikanda tu. Mkanda mmoja uliazimwa nyumba hadi nyumba, ukakodishwa dukani, ukaonyeshwa kwenye mabanda ya video kwa kiingilio. Ukitaka wako, unaunganisha deki mbili kwa waya, moja inacheza, nyingine inarekodi, unakwenda kula, unarudi unao. Majumba ya sinema ya mjini yakaanza kufa taratibu.

Studio za Hollywood nazo ziliona. Mwaka 1985 filamu ya The Cotton Club ilitolewa kwenye VHS ikiwa na kinga mpya iliyoitwa Macrovision. Ilikuwa ujanja mtupu: ndani ya mawimbi ya picha, sehemu ambayo jicho halioni, zilitiwa ishara za kuichanganya deki inayorekodi. Wewe unayeangalia mkanda halisi huoni tatizo. Anayenakili anapata picha inayong'aa kupita kiasi, halafu inafifia, halafu inang'aa tena, kama taa ya nyumba yenye umeme wa mgao. Lakini mkanda wa Dar mara nyingi ulikuwa umeshakuwa nakala ya nakala kabla haujafika, na watu walizoea picha yenye chenga. Kuna kizazi kizima hapa mjini kilichodhani Bruce Lee alipigana kwenye ukungu.

Baada ya kanda ikaja VCD, ile iliyobuniwa 1993. Nasikitika kwamba siku hizi inasahaulika, maana ndiyo sahani iliyotufaa zaidi. VCD haikuwa na kufuli lolote wala ramani ya nchi. Ilibeba dakika 74 hivi, kwa hiyo filamu moja ilihitaji sahani mbili, na picha yake haikuzidi sana mkanda. Wazungu wengi hawakuijali. Asia iliipenda, na sisi tunaonunua vya Asia tukaipenda pia. Filamu za Kiswahili zilipoanza kushika kasi, kuanzia Girlfriend ya 2003 na kuendelea, soko lilizipokea kwenye VHS na VCD, vitu ambavyo kijana yeyote mwenye kompyuta na Nero angeweza kuvidurufu bila kuvunja chochote. Shikeni hilo, tutalirudia.

DVD ilikuja na mpango mwingine kabisa. Iliuzwa kwanza Japani mwishoni mwa 1996, kisha Marekani Machi 1997, na safari hii wenye filamu walikataa kuitoa mpaka iwe na kufuli. Kufuli hilo liliitwa CSS. Picha iliyo kwenye sahani imevurugwa, na ili ivurugulike unahitaji funguo. Kila kampuni inayotengeneza deki, kwa makubaliano na kwa malipo, inapewa ufunguo wake. Ukiweka sahani, deki na sahani zinatambuana, picha inatoka. Wewe mtazamaji huambiwi kitu. Umenunua deki, umenunua sahani, ila ruhusa ya vitu hivyo viwili kuzungumza inatolewa na mtu wa tatu ambaye humjui.

Juu ya hilo wakaongeza ramani. Dunia iligawanywa kanda 6 za biashara, ili filamu iliyotolewa Marekani isionekane kwingine kabla ya wakati wake. Tanzania tuliwekwa kanda ya 5, pamoja na karibu Afrika yote kusini ya Sahara, India, Pakistani na Urusi. Afrika Kusini ilikuwa kanda ya 2, na Ulaya, Japani na Mashariki ya Kati. Sasa fikiria mtu wa Dar. Mjomba yuko Muscat, dada yuko London, bidhaa zote zinatoka Dubai. Huko kote ni kanda ya 2. Kwa mujibu wa ramani ile, DVD halali kabisa, iliyolipiwa kila senti dukani Dubai, ikitua Kariakoo ni kipande cha plastiki. Uhalali wake haukuisaidia kitu. Iliyocheza bila matata ni ile ya bandia.

Nadhani hapa ndipo watu wengi wa kwetu walipojifunza, bila kusoma popote, kwamba halali na inayofanya kazi ni vitu viwili tofauti. Kariakoo ililimaliza tatizo kwa deki za Kichina zilizocheza kanda zote, au kwa fundi aliyebonyeza namba fulani za siri kwenye rimoti. Kwenye kompyuta hali ilikuwa ngumu zaidi: kiendeshi cha DVD kilikuruhusu kubadili kanda mara 5, baada ya hapo kinaganda hapo hapo milele.

Sasa twendeni Norway. Oktoba 1999 programu ndogo iitwayo DeCSS ilitokea kwenye intaneti. Mmoja wa watu watatu walioitengeneza alikuwa Jon Lech Johansen, kijana wa miaka 15. Kompyuta iliyotumia mfumo wa Linux haikuwa na programu yenye kibali cha kucheza DVD, na maelezo yake yalikuwa kwamba anataka kuangalia filamu alizonunua. Kufuli lenyewe lilikuwa dhaifu, ufunguo wake ulikuwa na urefu wa biti 40 tu, na kampuni moja iliyopewa ufunguo, Xing, haikuuficha vizuri kwenye programu yake. Mlango wa mamilioni ya dola ukafunguliwa na mtoto wa sekondari.

Marekani ilikuwa imeshajiandaa. Mwaka 1996 nchi wanachama wa shirika la WIPO walikubaliana mikataba miwili mipya mjini Geneva, iliyotaka kila nchi itoe kinga ya kisheria kwa makufuli ya kielektroniki. Marekani ikapitisha sheria yake 1998, ikipiga marufuku kutoa kwa umma zana za kuvunja kufuli, hata kama nakala itakayotoka ni halali. Januari 2000 studio za filamu zilimshtaki Eric Corley wa jarida la 2600 mjini New York kwa kuiweka DeCSS kwenye tovuti yake. Jaji Lewis Kaplan aliamua kwa upande wa studio mwaka huo huo, na mahakama ya rufaa ikakubaliana naye 2001. Mwaka 2004 kampuni ya 321 Studios, iliyouza programu ya kunakili DVD dukani waziwazi, ilishindwa mahakamani na kufunga milango. Mwaka 2005 mtunzi wa DVD Decrypter, programu iliyokuwa kwenye kompyuta nyingi kuliko watu wanavyokiri, aliacha baada ya kubanwa kisheria. Aliyembana? Macrovision, wale wale wa picha inayofifia. Wana subira hawa watu!

Kijana wa Norway yeye aliponea. Januari 2003 mahakama ya Oslo ilimwachia huru, na Desemba mwaka huo huo rufaa ikamwachia tena. Hoja iliyobeba kesi ilikuwa rahisi: alifungua kitu chake mwenyewe. Huwezi kumfunga mtu kwa kuvunja nyumba yake.

Kwa hiyo dunia ilikuwa na majibu mawili. La New York lilisema tatizo ni chombo. La Oslo lilisema angalia mtu alikuwa na haki gani juu ya sahani aliyoifungua. Sisi tulichagua lipi?

Mwaka ule ule wa DeCSS, 1999, Bunge letu lilipitisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7, kufuta ile ya 1966. Tanzania ilikuwa imejiunga na Mkataba wa Berne 1994, na ilibidi sheria ifanane na ahadi hizo. Mle ndani, mbali sana na kurasa ambazo wasanii wetu huzitaja redioni, kuna kifungu kinachosema ni kosa kutengeneza au kuingiza nchini, kwa ajili ya kuuza au kukodisha, kifaa kilichobuniwa mahsusi kukwepa kinga ya kuzuia kunakili. Kinagusa pia vifaa vya kunasa matangazo ya kulipia bila kulipa, jambo ambalo wapenzi wa Ligi Kuu ya Uingereza walilielewa haraka zaidi.

Kisomeni tena polepole. Kutengeneza. Kuingiza. Kwa kuuza au kukodisha. Anayetajwa pale ni mfanyabiashara wa zana. Mtu aliyekaa nyumbani kwake Upanga na programu ya bure hakutajwa. Kwenye sheria hiyo hiyo, mahali pengine, imeruhusiwa kunakili kazi iliyotolewa kihalali kwa matumizi yako binafsi, kwa mipaka yake, bila kumlipa wala kumwomba mwenye kazi. Hata kutafsiri kwa matumizi yako binafsi kumeruhusiwa. Mimi si mwanasheria na msije mkanitaja mahakamani, lakini ukiweka vifungu hivyo viwili pamoja, sheria yetu ilikaa karibu na Oslo kuliko New York, pengine bila kukusudia. Sheria ya Kenya ya 2001 ilikwenda mbali zaidi, ikamgusa hata yule anayekwepa kinga kwa mkono wake. Na ukipanda boti kwenda Zanzibar unaingia kwenye sheria nyingine kabisa, ya 2003, yenye ofisi yake, COSOZA, maana hakimiliki si jambo la Muungano.

Kuna utata kwenye neno "kifaa". Mwaka 1999 mtu akisema kifaa unawaza kisanduku chenye waya. Programu isiyoshikika, iliyoshushwa kutoka intaneti, ni kifaa? Imeingizwa nchini kupitia bandari gani? Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 iliziba tundu hilo kwa kutaja programu ya kompyuta kuwa nayo ni kifaa, na ikafanya kuwa kosa kumiliki kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya kutenda kosa. Lakini hiyo inaturudisha pale pale: kosa gani? Kama kunakili kwa matumizi yako binafsi kumeruhusiwa na sheria ya 1999, programu iliyokusaidia haikusaidia kosa. Kama ulikuwa unajaza meza ya kuuzia Msimbazi, hadithi ni nyingine, na hapo huhitaji kifungu cha kufuli. Cha kawaida cha kunakili bila ruhusa kinakutosha kabisa.

Sasa turudi kwenye kufuli lenyewe, kuna jambo moja la kiufundi ambalo likishakukaa kichwani huoni tena suala hili kama zamani.

DVD tupu unayonunua dukani kwa ajili ya kuchoma haina nafasi ya kuandikia ufunguo wa CSS. Sehemu ile imezibwa kiwandani makusudi. Ndiyo maana ukinakili sahani yenye kufuli kama ilivyo, kila biti mahali pake, nakala yako haichezi: una mlango na huna ufunguo. Kiwanda kinachobonyeza sahani kwa mashine kubwa, kwa upande wake, kinaweza kunakili yote, kufuli na ufunguo wake, na deki haitajua tofauti. Kwa maneno mengine, haramia mwenye kiwanda hakuhitaji kuvunja kitu. Aliyelazimika kuvunja ni mtu mdogo: mwanafunzi, mwalimu, mwenye maktaba ya video, mama anayetaka akiba kabla watoto hawajaikwaruza sahani.

Zile sahani za filamu 20 au 24 kwa moja, Jackie Chan wote au Rambo wote na wengine wasiohusika, zilifika Kariakoo zikiwa zimeshavuliwa kufuli huko zilikotengenezwa, na picha imebanwa mpaka sura za watu ni vipande vya mraba. Muuzaji wa Kariakoo hakujua hata kama kuna kitu kinaitwa CSS. Mnara wake wa kudurufia, ule wenye midomo saba au zaidi, ulinakili kile kilichowekwa juu, kwisha.

Aliyekutana na kufuli uso kwa uso hapa kwetu, kwa maoni yangu, ni mtafsiri. Hapa lazima nimtaje Lufufu, yaani Derek Mukandala. Vijana wa mjini waliosoma shule za Kiingereza wanamcheka. Wasicheke. Mtu alichukua filamu ya Kimarekani, ya Kihindi au ya Kichina, akashusha sauti yake, akaweka ya kwake, akaeleza nani anamsaliti nani na kwa nini, akaongeza chumvi, akatoa mifano ya Manzese. Mabanda ya video yalijaa. Uganda wana VJ wao, Kenya wana DJ Afro, ni utamaduni mmoja wa Afrika Mashariki wenye lafudhi tofauti. Ili kuifanya kazi hiyo kutoka kwenye DVD lazima filamu itoke kwenye sahani, iwe kwa programu ya kompyuta au kwa waya kutoka kwenye deki. Kwa sheria, kutafsiri filamu ya watu na kuiuza ni kosa, kufuli liwepo lisiwepo. Lakini kumbuka kile kifungu: kutafsiri kwa matumizi yako binafsi ruksa. Yaani bibi yako akikaa na wewe sebuleni ukamweleza filamu kwa Kiswahili, safi. Ukiyarekodi maelezo hayo na kumuuzia bibi wa jirani, haramu. Mantiki yake naiona, ila sijui nani angemweleza bibi wa jirani.

Na Bongo Movie je? Nilisema tutarudi.

Kufuli la CSS linahitaji leseni na sahani zilizobonyezwa kiwandani. Mtayarishaji wa filamu ya Sinza hakuwa na leseni hiyo, na kwa kawaida aliuza haki zote za filamu yake kwa msambazaji kwa malipo ya mara moja, kwa hiyo hata kama kufuli lingekuwepo lisingekuwa lake. Filamu zilitoka kwa msambazaji asubuhi, jioni nakala iko mezani kwa machinga. Enzi za Kanumba, kabla hajafariki Aprili 2012, hakuna filamu iliyotamaniwa kudurufiwa kama yake. Hakuna programu iliyokwepa kinga yoyote pale, kwa sababu kinga haikuwepo. Kifungu cha 1999 hakikuwa na cha kumlinda.

Badala ya kufuli ndani ya sahani, serikali ilibandika karatasi juu ya kasha. COSOTA, iliyoanza 2001, ilikuja na stika iitwayo hakigramu kwa kanuni za 2006. Kuanzia 2013 TRA ikaja na stempu ya kodi kwa kazi za muziki na filamu. Misako ikafuata, polisi pamoja na akina Msama Promotions wakibeba magunia ya CD na DVD, picha magazetini, sahani zinateketezwa. Stempu ilimwambia polisi kwamba kodi imelipwa. Haikumwambia msanii amelipwa nini. Aprili 2017 wasanii wa Bongo Movie waliandamana wenyewe Kariakoo, wakitaka filamu za nje zinazouzwa bila kufuata utaratibu ziondolewe sokoni. Mitandaoni walijibiwa kwa kejeli, watu wakiwaambia watengeneze kwanza filamu za kushindana. Mimi kejeli zile zilinikera. Huwezi kumwambia mtu ashindane na bidhaa ambayo haijamlipa mwenyewe wala haijalipa kodi, halafu ukasema soko limeamua.

Ila nao hawakugusa kufuli. Hakuna bango lililosema lolote kuhusu programu za kukwepa kinga, na sishangai. Wenzetu huko nje wamebishana kuhusu kufuli hilo kwa zaidi ya miaka 20. Australia iliamua 2006 kwamba kinga inayogawa dunia kwa kanda haihesabiki kuwa kinga ya hakimiliki. Marekani yenyewe, ile ya Jaji Kaplan, ilikubali 2010 kwamba profesa wa chuo kikuu na mtengenezaji wa filamu za kumbukumbu wanaweza kuvunja CSS kuchukua kipande kifupi cha DVD yao. Kwetu kanda ya 5 ilikufa yenyewe, bila kesi, siku deki za Kichina zilipoteremshwa bandarini.

Leo sahani yenyewe inakufa. Meza zilizouza DVD sasa zina kompyuta mpakato na waya, unakwenda na flashi yako unajaziwa tamthilia za Kikorea msimu mzima. Jaribu kutafuta deki ya DVD iliyo mpya. Sahani za kuchomwa, tofauti na zile za kiwandani, zina rangi ya kemikali inayochakaa kwa joto na mwanga, na Dar ina vyote viwili kwa wingi. Filamu ndogo ndogo za miaka ya 2000, harusi za watu, tafsiri za mabandani, zimo humo kwenye madroo, na kila masika zinapungua. Kuzitoa humo ni kunakili, hakuna njia nyingine. Zenye kufuli, kuzitoa ni kuvunja kufuli.

Mwaka 2022 COSOTA iliacha kuwa chama ikawa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, na Sheria ya Fedha ya 2023 ikaleta tozo ya hakimiliki, asilimia 1.5 ya thamani ya vifaa vinavyoweza kutumika kunakili na kuhifadhi kazi za sanaa. Wazo hilo Wajerumani walilianza 1965: kwa kuwa huwezi kuingia kila sebule, mtoze anayenunua chombo, umgawie msanii. Likitekelezwa ipasavyo, kwa mara ya kwanza fedha ya nakala itakuwa na njia ya kufika kwa mwenye kazi bila kupitia gunia la polisi. Likitekelezwa ipasavyo, nasema.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule mwenye DVD halali, programu ya bure na flashi yake: kwa usomaji wangu hujafanya kosa, mradi nakala inabaki nyumbani. Anayeiweka programu hiyo kwenye CD na kuiuza Mtaa wa Aggrey, huyo kifungu cha 1999 kimemtaja. Wanasheria mnaopita hapa, nisahihisheni kwa vifungu, si kwa matusi. Na mwenye mkanda au VCD yoyote ya tafsiri za zamani, hasa za kabla ya 2005, usiitupe. Iweke mahali pakavu, pasipo na jua.